Saa Saba ya Tabora

Ujumbe wa dada uliingia asubuhi, nikinywa chai kwenye nyumba ya wageni huko Musaga, Burundi. Mama ametutoka. Anatoka nyumbani saa saba. Nipige simu ya video kabla hajafunikwa uso, nimuage. Kabla sijajibu umeme ukakatika, na intaneti ya nyumba ikaondoka nao.

Kwetu Tabora maiti hasubirishwi. Wanawake wanamwosha mwenzao na kumvika sanda, watoto na ndugu wanapita kumtazama uso, kisha wanaume wanabeba jeneza kwenda nalo msikitini na makaburini. Wanawake wanabaki. Simu pekee ya maana pale nyumbani ilikuwa ya dada. Jeneza likivuka mlango, basi tena.

Bando nilikuwa nalo. Nililinunua Tabora kwa wakala aliyeniapia kwamba linashika Afrika Mashariki nzima. Sijui Burundi aliiweka bara gani. Nilimlaani kwa sauti barabarani, watu wakanigeukia.

Muuza laini wa pale Musaga alinihurumia, lakini laini hakunipa.

"Bila pasipoti apana, ndugu yangu. Batanifungia kazi."

Pasipoti ilikuwa Kigobe, kwa tajiri aliyeniita nimfungie majokofu. Alikuwa ananishughulikia kibali. Kigobe ni upande wa pili wa mji, na siku hizo petroli ilikuwa haionekani. Kituoni watu walikuwa wamejaa, hakuna hata basi moja la kugombania. Nikaenda kwa miguu, nusu natembea, nusu nakimbia. Simu ilionyesha kwamba saa sita bado, nikajipa moyo kwamba nitawahi.

Koo likanikauka, nikaingia duka moja la vitenge kuomba maji. Mwenye duka, mzee mwenye kofia nyeupe, alinipa gilasi, akaniuliza kuna nini. Nikamweleza yote. Nikamwambia bado nina saa nzima na zaidi.

"Apana, mutoto wangu," akasema taratibu. "Kwenu saa iko mbele ya yetu. Saa saba ya kule ni sasa hivi."

Nilikuwa nalijua hilo. Wiki nzima nilikuwa nawatania wenyeji kwamba wanachelewa kuamka. Nikakaa sakafuni kati ya majora ya vitambaa, nikalia mbele ya mtu nisiyemjua hata jina. Yeye alikuwa ameshatoa simu yake mfukoni.

"Lete yako. Mi nakupa koneksiyo yangu. Piga!"

Ikaita. Dada akapokea kabla mlio haujaisha. Nilimsikia vizuri, na nyuma yake nikasikia Yasini ikisomwa. Lakini picha haikuja. Kwenye kioo kulikuwa na kiduara tu, kinazunguka.

"Kaka, nimeielekeza usoni kwake. Umemuona?"

Nikakimbilia mlangoni, nikainua simu juu, nikaishusha. Kiduara kilekile. Nikamwambia asubiri kidogo, asogee dirishani.

"Nisogee vipi na mama yuko hapa? Kaka, wanaume wako mlangoni. Wameshaniuliza, nimewazuia kwa ajili yako. Umemuona?"

Sijawahi kuitaka picha kama nilivyoitaka ile. Mama amelala uso wazi, nyumba nzima imesimama, msikiti unangoja, na sababu ni mimi. Dada alikuwa analia sasa, na sauti ya kaka mkubwa ikasikika ikiuliza tunangoja nini.

"Nimemuona," nikasema.

"Alhamdulillahi! Yuko mzuri, eeh?"

"Mzuri sana."

Nikamsikia akiwaambia wamfunike. Ndipo picha ikafunguka, safi kabisa. Shangazi alikuwa anakaza fundo la sanda, juu ya kichwa.