Machela Iliyogeuzwa Njiani

Saa nane na dakika kumi na tano mchana simu yangu iliita. Nilikuwa nyumbani Bigwa, naanua mashuka. Aliyepiga alikuwa mke wa mgonjwa wangu wa milimani, juu ya Mkuyuni. Hakusalimia.

"Dada, wanamteremsha."

"Nani?"

"Mjomba wake na vijana wa ukoo. Wameshafunga machela. Analia, dada. Tangu jana hajapewa dawa ya maumivu."

Niliandika saa hiyo kwenye daftari, kama ninavyoandika kila saa ya mgonjwa, nikachukua begi.

Mimi si muuguzi wa cheti. Nilianza kwa kufagia wodi, nikasoma vitabu ambavyo wanafunzi wa uuguzi waliviacha madirishani, kwanza picha, kisha maneno, kamusi ikiwa magotini. Sasa niko na timu ndogo inayowafuata majumbani wagonjwa walioambiwa ukweli kwamba hawatapona. Daktari anaandika dawa. Mimi naipeleka, naosha vidonda, nageuza migongo, nafundisha familia.

Mgonjwa huyu alikuwa mkulima wa mdalasini. Saratani ya tezi dume ilikuwa imekwisha kuingia kwenye mifupa. Ombi lake lilikuwa moja, nami nililiandika siku ya kwanza kwa maneno yake: "Nifie hapa, nikinusa magome yangu." Mifupa ya namna hiyo huuma kila mbebaji anapoteleza. Kumteremsha mlima, kisha gari hadi mjini, kulikuwa ni kumtesa njia nzima kwa ajili ya kitanda kisicho na tiba ya kumpa.

Tena ukoo wangu na ukoo wake ni watani. Kwetu mtani ndiye anayehangaika na kaburi lako, kwa hiyo anaruhusiwa kusema yale ambayo ndugu hawathubutu. Tangu ziara ya kwanza niliingia kwake bila shikamoo. "Hujafa tu? Jembe langu linashika kutu." Naye alijibu kwamba atanizika yeye kwanza, tena kwa mkopo, maana ukoo wangu haujawahi kumlipa mtu. Baada ya hapo alikunywa dawa yake.

Bodaboda ilinifikisha mwisho wa barabara saa tisa na nusu. Nilipanda kwa miguu, na saa kumi na dakika tano nikasikia sauti yake kabla sijawaona. Walikuwa vijana sita na machela ya mianzi, mjomba akiwa mbele na fimbo. Mjomba huyo alilingana umri na mgonjwa, lakini kwetu ukoo ni wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Mke alikuwa nyuma kabisa, na kikapu.

Kama ningesimama kueleza kiuguzi, wangenisikiliza kwa adabu na kunipita. Niliweka begi katikati ya njia, nikaketi juu yake.

"Maiti ya watani haipiti bila faini."

Kijana mmoja alicheka, akajizuia.

"Ondoka, mtani," alisema mjomba. "Leo si siku ya mchezo. Mtu yuko hai."

"Hai? Mbona mmembeba kama mnakwenda kumfukia?"

Kutoka kwenye machela ilikuja sauti nyembamba. "Mchawi huyo. Sijafa. Mpigeni."

"Toeni faini, niwapishe."

"Shilingi ngapi?"

"Zote mlizochanga za hospitali."

Mjomba alinitazama kwa hasira, lakini mtani aliyekaa njiani harukwi. Aliwaambia vijana waitue machela. Nikamuuliza dawa iko wapi. Aliitoa mfukoni mwa koti, imefungwa kwenye leso.

"Mofini hii inamaliza watu," alisema. "Jirani yetu alianza kuinywa Jumatatu, Alhamisi tukamzika. Nimemnyima mpwa wangu ili aishi."

Hapo niliona kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimemfundisha mke kipimo na saa, nikamwandikia ratiba, nikaondoka nimeridhika. Mwenye neno la mwisho sikuwahi kumketisha. Aliyoyajua aliyapata kaburini kwa jirani.

"Jirani yenu aliletewa dawa akiwa amebakiza siku tatu," nilimwambia. "Ilimkuta anaondoka, haikumwondoa. Huyu naye anaondoka. Hospitali haitamzuia, mimi sitamzuia, wewe hutamzuia. Sasa chagua: aondoke akilia, au akiongea na wewe."

Mke alijifunika uso kwa khanga.

Pale juu kuna mtandao. Nilimpigia daktari, akasema nirudie kipimo kilekile. Nilivuta dawa kwa bomba lisilo na sindano, nikamwonyesha mjomba mstari, nikampa yeye aitie kinywani mwa mpwa wake. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na mbili.

Tukakaa. Mke aligawa ndizi. Kijana aliyecheka akanitupia: "Mama, kwenu hamna njia mpaka mkalie za watu?" Nikamwambia kwetu tunazo, ila hazipitishi wezi. Mkono wangu ulikuwa juu ya kifua cha mgonjwa, nikihesabu pumzi.

Saa kumi na moja kasorobo alikunjua ngumi. Muda mfupi baadaye alifumbua macho.

"Mjomba, mnanipeleka wapi?"

"Hospitali."

"Kufanya nini?"

Mjomba alisimama, akapangusa suruali. "Geuzeni," aliwaambia vijana. "Kichwa kitangulie juu."

Walipokwisha kuinua machela, alinitupia bahasha ya fedha za gari na kitanda. "Faini yako, mla maiti." Nilizihesabu mbele yake, nikaandika: laki nne na elfu ishirini.

Mgonjwa aliishi siku kumi na tisa. Mjomba ndiye aliyeshika bomba. Hakukosea saa hata moja, na mara mbili alinisuta mimi kwa kuchelewa. Mke hakuwa tena na kazi ya kupima dawa; alipata nafasi ya kukaa tu na mumewe. Mgonjwa alifariki adhuhuri, magome yakiwa yameanikwa chini ya dirisha, mjomba akimsimulia ugomvi wao wa utotoni. Jembe la kwanza la kaburi nilipiga mimi, kama inavyompasa mtani.

Baada ya matanga nilifungua daftari mbele ya ukoo na kuwasomea nilichotumia: sabuni, plastiki ya kutandika godoro, betri za tochi.

"Faini ya mtani hairudi," alisema mjomba.

"Hairudi kwenu," nilimjibu.

Shamba na nyumba vilikuwa vya ukoo wa mume. Mjane alikuwa akifunga mizigo arudi kwa ndugu zake. Nilimwekea mkononi zote zilizobaki, shilingi laki tatu, elfu themanini na moja na mia tano.