Debe la Kupimia Pumzi

"Dada daktari, pumzi yangu ikishaingia humo, narudishiwa?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Songea. Nilitoka chuo kikuu na tabia ya kuhoji kila kitu, lakini hilo sikuwahi kulihoji. Nikakohoa tu. Muulizaji aliitwa Rashidi, kijana wa Nakapanya. Kiwanda cha tumbaku kilikuwa tayari kumwajiri kwa sharti moja: kwa kuwa kazi ni ya vumbi, mapafu yake yafike mstari mwekundu wa kipimo.

Spirometa ya siku zile ilikuwa debe la maji lenye debe jingine lililopinduliwa kifudifudi ndani yake. Mtu akipuliza kwenye mrija wa mpira, debe la ndani linapanda na kalamu inachora mlima kwenye karatasi. Mlima mfupi, mapafu madogo.

Rashidi akaanza kupuliza. Mara Mganga Mfawidhi, mkuu wangu, akaingia. Rashidi akautoa mpira mdomoni.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba."

Debe likashuka.

"Ukipuliza usisalimie," nikamwambia.

"Nimwache mzee apite hivihivi, kama mbuzi?"

Mara ya pili mlima ukawa kichuguu. Ya tatu, kichuguu kilekile. Rashidi akanitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya darasa la saba.

"Mwongozo unasema mara tatu," akasema Mfawidhi. "Andika hafai."

"Ile ya kwanza uliiharibu wewe, mkuu. Tunaihesabuje?"

"Msomi, umekuja kupima mapafu au kunipima mimi?"

"Nauliza tu."

Akakuna kidevu. "Haya. Mimi sijaingia, niko nje." Akatoka kweli, akawa anachungulia dirishani.

Rashidi akapuliza. Kalamu ikapanda, ikagusa mstari, ikaupita kwa unene wa ukucha. Mfawidhi akapiga makofi nje. Rashidi akampungia mkono, safari hii mpira ukiwa mdomoni.

Baadaye nilihamishiwa Namtumbo, kisha Tunduru. Debe likarithiwa na mvukuto kama wa mhunzi, na mvukuto ukarithiwa na kidude cha betri kinachoenea kiganjani. Kila kilipoletwa kipya nilikipuliza mwenyewe kwanza, maana cheti cha mtengenezaji hakina mapafu.

Nilipokwisha kustaafu nikakutana na Rashidi pale mtaa wa Majengo, ana wajukuu sasa. Nikamuuliza siku ile mwanzoni alishindwa nini.

"Wallahi dada, zote nne, hata ile ya mwisho, nilitoa nusu tu," akasema. "Nilihofia kupasua mali ya serikali."