Zamu ya Kikapu

Juzi nilikuwa narudi kutoka Goma, na pale mpakani, Grande Barrière, afisa mmoja mpole akaichukua sashe yangu nyeusi, mfuko wa plastiki uliokatazwa upande wetu. Alitoa chikwange moja moja, ile mikate ya muhogo inayofungwa kwa majani, akanipakatisha zote, kisha sashe akaitupa kwenye pipa lililojaa sashe za wengine. Nikaingia Gisenyi nimekumbatia chikwange kama mtoto mchanga. Watu walinicheka, na mimi nikajicheka. Mtu aliyelelewa na bibi yangu, kweli, wa kukamatwa na sashe!

Nilipofika nyumbani nikatafuta pa kuzitua, na mkono ukaenda wenyewe juu ya kabati, kwenye kikapu cha bibi. Nikakipindua nikung'ute vumbi, nikaona kile kiraka cha kijani kwenye kitako chake. Basi kaa, rafiki yangu, nikueleze habari ya kiraka hicho.

Katika nyumba tuliyokulia, bibi yetu, ambaye wote tulimwita Tate, hakuwa na kitu cha kutumia mara moja na kutupa. Mafuta tuliyafuata dukani na chupa yetu, na kuiosha chupa hiyo kwa mchanga na maji ya moto ilikuwa kazi yangu, nami niliichukia. Chumvi ilikuja ndani ya jani la mgomba, na jani likaishia kwa mbuzi. Sambaza, wale samaki wadogo, tulizinunua ziwani kwa beseni, tukapanda nazo mtaani tukinuka samaki mpaka shuleni. Sheria ya kukataza mifuko ya plastiki ilipokuja, majirani walihangaika wiki nzima. Tate aliwasikiliza, halafu akauliza kwa dhati kabisa, "Sasa mu sashe mulikuwa munaweka nini?"

Kikapu hiki kilikuwa kikubwa, chenye mfuniko, mwenyewe alikiita inkangara, na kilikuwa na kazi moja tu: kwenda Goma kwa mdogo wake na kurudi. Wazee hao wawili hawakukanyagiana kizingiti. Mdogo aliolewa na Mwislamu akafuata dini ya mumewe, na Tate alikuwa mwimbaji wa kwaya. Siku ya harusi yalisemwa maneno ambayo hakuna mtu aliyekubali kuturudia sisi watoto. Lakini kikapu kilivuka. Mama jirani, aliyekuwa akivusha karoti kila siku, alikibeba kichwani. Kilikwenda na viazi vya Busasamana na maharagwe, kikarudi na mawese, na sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa ikafungwa kwa majani. Chombo hakirudi tupu, ndivyo tulivyofundishwa, hata kama ni limau moja. Mwezi wa Ramadhani Tate alikaanga sambaza mapema ili ziwahi kufika kabla jua halijatua. Krismasi ikifika, pilau ilitoka ng'ambo ndani ya bakuli la bati. Salamu ya mdomo haikuvuka hata moja. Mimi niliamini kikapu kinajua njia chenyewe, na nilikuwa nikikiogopa kidogo.

Alasiri moja mama jirani akaja na sombe ndani ya kitenge chake, kikapu hana.

"Kikapu iko wapi?" Tate akauliza.

"Hakunipatia, Mama. Alinipa tu hii sombe mu sashe, na sashe bamenyang'anya ku bariere."

Kwetu, mtu akibaki na chombo chako, akakuletea chakula katika kitu cha kutupa, amekwisha kukuambia: basi, tumemalizana. Tate akawasha moto. Aliipika ile sombe, akatupakulia wote, yeye hakuonja. Alikaa jikoni akiutazama msumari ambapo kikapu hutundikwa. Hata utoto wangu ulielewa kwamba kikapu kisiporudi, Tate hana tena mdogo wake.

Asubuhi akavaa kitenge cha kanisani, akanishika mkono. "Tunaenda kuchukua kikapu yangu," akasema, tukauvuka mpaka kwa miguu hadi Goma. Mawe meusi ya volkeno yalilia chini ya kandambili zangu. Kwenye kila ua sashe zilikuwa zimenasa zikipepea, nyingi kuliko nilivyowahi kuona, nikawa natembea mdomo wazi.

Mdogo wake, bibi wa Goma, tulimkuta uani, kikapu kimepinduliwa mapajani. Kitako chake kilikuwa kimeoza kwa miaka ya viazi, kimetoboka tundu la kupitisha mkono. Kando yake ulilala mkeka wake wa kuswalia, ule wa ukindu wa kijani aliouleta mumewe kutoka Kigoma, umefumuliwa karibu nusu, na chane zake zimelowekwa katika karai. Alikuwa akiusuka mkeka wake ndani ya kikapu chetu.

Hakuinuka. "Yaya, ungengoja kidogo," akamwambia dada yake mkubwa. "Ningekurudishia kitu yenye kutoboka, mi?"

 Tate akauliza, "Na utaswali juu ya nini?"

"Juu ya ile itabakia."

Tate akavua viatu, akaketi chini, akaushika ukingo wa kikapu ili mwenzake asuke vizuri. Nimewahi kuiona volkeno ikiwasha mbingu nzima nyekundu, na haikunishangaza kama mikono ile ya wazee wawili juu ya ukindu. Mchana tulikula pale, mara yetu ya kwanza, na Tate akaomba aongezewe.

Tate alipofariki, kikapu kilikuja msibani kimejaa mchele na sabuni, na safari hii bibi wa Goma alikibeba mwenyewe kichwani. Tulikuwa bado tunapanga tumpelekee nini, naye akafariki, ukawa msiba wa pili. Nyumba yake sasa inakaa watu wengine, na watoto wake wametawanyika, mwingine Kinshasa, wengine sijui wapi.

Siku hizi mtaani kwetu mifuko imekwisha, nashukuru, lakini chupa za maji na vikombe vya juisi tunafungua, tunakunywa, tunatupa. Vitu hivyo havina kwao. Zamani hata chupa ya mafuta ilikuwa na mwenyewe anayeiulizia, na kwa kuiulizia alikuwa anakujulia hali. Hilo ndilo ninalolikosa, kuliko hata sombe yenyewe.

Chikwange nimezila, kikapu nimekiosha, na sasa nakwenda nacho sokoni. Wauza karoti wananitania kwamba nimezeeka kabla ya siku zangu. Zamu ya kukirudisha ilikuwa yetu. Kila Jumamosi kinafika nyumbani kimejaa, na bado hakijarudi Goma.