Siku Nilipoifunga Malka kwa Ajili ya Korea

Sasa nasimulia huku nacheka, lakini siku ile pale Garsen, wallahi, ardhi ingekubali ningejifukia mwenyewe.

Mwalimu Komora, kijana wetu aliyekuwa akisomea mambo ya Korea ya siku hizi katika chuo kikuu cha ng'ambo, alikuja likizo akakusanya wakulima na wafugaji awaeleze vita vya huko, akasema atakayemkalimania vizuri kwa Kiorma atampendekezea nafasi ya mafunzo mafupi chuoni, na mimi (darasa la nne, tena la kubahatisha) niliitaka nafasi ile kuliko chakula.

Basi ramani yake ilikuwa ndogo, walioketi nyuma hawaioni, nikajitia ujuzi: nikakata matete, nikayasimika mstari kukatiza malka, ile njia ya ng'ombe kushukia mtoni katikati ya mashamba yetu, nikasema huku Kaskazini, huku Kusini, ndugu kwa ndugu hawavuki. Watu wakaelewa! Mwalimu akatabasamu, nami nikavimba kichwa (saa ya ng'ombe kunywa maji nimeisahau kabisa).

Mara Mzee Guyo akatokea na kundi lake lenye kiu, akaona uzio, akamwona na bwana wa suruali mwenye karatasi.

"Nani kafunga malka? Serikali?"

"Afadhali ifungwe," akadakia shemeji yangu, "migomba yetu ipumue!"

Fimbo zikainuka. Nikakimbilia katikati nikipiga kelele, "Si malka, jamani, ni Korea!" lakini ng'ombe hawakungoja tafsiri, wakapita na matete, na ramani, na mimi, nikalala kifudifudi topeni, kikoi changu kikaenda mtoni kwenye pembe ya fahali. Akina mama wakageuza nyuso (wengine hawakugeuza). Kicheko ndicho kilichoshusha fimbo, si ukalimani wangu.

Mzee Guyo akaniinua, akavua kilemba chake akanifunga kiunoni.

"Pole, mwanangu. Huko Korea, wamefunga kweli?"

"Kweli, mzee."

"Na kama mama yako yuko upande wa pili?"

Nikamtafsiria Mwalimu. Naye akainama kuokota ramani yake topeni.

Nafasi sikuipata, na kwa haki Mwalimu hakukosea, maana mkalimani aliyekaribia kuleta vita hapelekwi chuoni kujifunza vita vya wengine. Tangu hapo sijasimika hata kijiti malkani, wala sitasimika. Ila Mzee Guyo, kila akileta ng'ombe kunywa, huniita shambani, "Wamefungua?" nami huona haya kumjibu "bado," kana kwamba mimi ndiye niliyefunga.