Vitambaa vya Saa Sita

Shamba la shangazi yangu liko Kinna, mahali mfereji unapokwisha. Walio juu wakimaliza zamu zao za maji, yeye hupata kinachobaki, na msimu ule hakikubaki kitu. Alikuwa amepanda mtama wa mbegu aliyorithi kwa mama yake. Debe la kuihifadhia lilikuwa tupu; mbegu yote ilikuwa ardhini.

Binti yake alipokaribia kujifungua, shangazi alikwenda Isiolo mjini kuwa naye. Mimi, niliyekulia mjini humo, mtaa wa Chechelesi, na kuujua mtama kwa kuuona sokoni tu, nikaachwa nilinde shamba. Aliniagiza juu ya nyani, kuni na kuku. Vitambaa hakuvitaja.

Vilikuwa vipande vya leso kuukuu, vimefungwa kwenye mashina machache, kimoja hapa, kingine kule. Siku ya pili, jua likiwa utosini, niliona kwamba kila shina lenye kitambaa majani yake yamejikunja, membamba kama sindano ya kushonea magunia. Mashina ya jirani bado yalikuwa yametandaza majani mapana, ya kijani. Nikaamua kwamba yale yana ugonjwa, yamewekewa alama yang'olewe. Nikaona nimpunguzie shangazi kazi.

Nilikuwa nimeshang'oa rundo zima mama mmoja anayelima vitunguu ng'ambo ya mfereji aliponiona.

"We kijana! Unafanya nini?"

"Natoa yenye ugonjwa, mama."

"Ugonjwa uko nao wewe! Hiyo ndiyo mbegu yake!"

Alivuka mfereji mkavu na jembe mkononi, nikadhani atanipiga. Mashina yenye vitambaa yalikuwa yamebaki manne.

Jioni alinirudisha shambani. Yale manne yalikuwa yamefunguka, majani yamenyooka kama vile mchana haukupita. Yale mapana niliyoyasifu yalikuwa yamelegea, ncha zimeanza kuungua. Jani hupoteza maji kupitia vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Linalojikunja mapema huvifunika, likajinyima kidogo mchana ili lifike jioni likiwa hai. Na jua lilikuwa limeyapiga yote sawasawa. Tofauti ilikuwa ndani ya punje, imetoka kwa shina lililoizaa. Ndiyo maana shangazi, na mama yake kabla yake, hutembea shambani saa sita na kufunga kitambaa kwenye yale yanayojikunja kwanza. Mbegu ya msimu ujao hutoka kwa hayo peke yake.

Shangazi alirudi na habari za mjukuu wa kike. Nilimwambia kabla hajaketi. Alikwenda kwenye rundo la mashina makavu, akafungua kitambaa kimoja baada ya kingine, akavikunja vyote.

"Mengine ulipatia mbuzi?"

"Hapana."

"Afadhali. Mtama mchanga uliokosa maji una sumu, ungewaua, leo ningelia na mbuzi pia."

"Nilidhani inakufa, shangazi."

"Kabla ya kung'oa, ulingoja jioni uangalie?"

"Sikungoja."

"Nyinyi watu wa mjini! Mtu akifunga mlango kwa sababu ya jua, mnaanza kuchimba kaburi."

Kesho yake saa sita alinipa vitambaa vilevile, yeye akaketi kivulini. Nilipita mstari kwa mstari, shingo ikiungua, nikitafuta majani yaliyoanza kupinda kingo. Nilifunga saba. Jioni alinifanya nifungue viwili, kwa sababu mashina hayo yalijikunja na hayakufunguka tena.

Wakati wa mavuno, masuke tisa ya mashina yenye vitambaa yalipurwa peke yake juu ya mkeka. Punje zilijaa kopo la maziwa ya unga. Shangazi alilitikisa, akasikiliza, akabana kifuniko.

"Litakuwa debe tena baada ya misimu mitatu," alisema. "Na yote mitatu utakuja. Uje na kofia."

Huu ni wa pili.