Saa Nzima Mbele ya Valvu

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu alifunga madirisha ya karakana saa nne asubuhi, tukabaki gizani mimi na yeye na amplifaya ya gitaa iliyofunguliwa mgongo. Nje, Tukuyu ilikuwa imejaa ukungu. Ndani, valvu nne zilianza kuwaka polepole, kama makaa yanayopulizwa na mtu aliye mbali. Kwa ninyi mliokulia na simu: valvu ni chupa ya kioo isiyo na hewa, nayo ndiyo iliyokuza sauti. Nilizitazama hadi nikasahau nilichojia.

“Zinapendeza, Fundi.”

“Unataka kuzichumbia, msomi?” Kidato changu cha nne kilimpa mzaha wa kila siku. Baba yake alitoka pwani na cherehani, yeye akageukia redio. “Huu uzi wa katikati uache uwake, ndio uhai wake. Lakini bamba hili la kijivu linalouzunguka likiwa jekundu, valvu inakufa huku unaitazama. Na ukitengeneza, iache iwake saa nzima kabla ya kurudisha kifuniko. Saa nzima, si nusu yake.”

Alinifundisha kwamba valvu huzuiwa na volti hasi, kama farasi na hatamu. Kapasita iliyo mbele yake hupitisha sauti na kuzuia umeme mkubwa usiifuate. Kapasita ikivuja, hatamu inalegea, bamba linaiva.

Fundi Mkuu akiwa Mbeya kununua vipuri, alikuja Ambakisye, mpiga gitaa wa bendi ndogo iliyotumbuiza harusini kuanzia Kyimo hadi Nkunga. Mkono wake ulikuwa mzito, wenye furaha; watu waliingia kucheza angali anakaza nyuzi. Kapasita ya amplifaya yake ilikuwa imepasuka. Nikang’oa nyingine kwenye redio mbovu, nikaichomelea. Niliiwasha dakika kumi, baridi ikiingia mlangoni. Mabamba yakabaki ya kijivu. Nikafunga.

Amplifaya ilirudi na valvu zilizokufa. Nikaweka mpya, mezani ikawa nzima, harusini wimbo wa tatu mabamba yakawa mekundu. Ikarudi tena.

“Fundi, kwako inapona, kwangu inaugua,” alisema Ambakisye. “Au inakupenda wewe?”

“Basi ugonjwa ni mkono wako. Unapiga kama unapasua kuni,” nilimjibu.

Wenzake wa bendi waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliutazama mkono wake.

“Nipunguze?”

“Punguza. Na uizime kila baada ya nyimbo mbili.”

Alitii yote mawili. Valvu zikadumu, nami nikajiona bingwa. Lakini gitaa lake likawa halisikiki. Harusi zikaanza kuita bendi nyingine, yao ikasambaratika, amplifaya ikauzwa kwa mwenye baa huko Kyela. Ambakisye akarudi kwenye viazi vyake Lufingo.

Miaka michache baadaye nilipata kazi Kyela, kwenye karakana ya Msimamizi mmoja mpole. Kyela, shati hushika mgongoni kabla ya chai. Siku moja amplifaya ile ililetwa mezani kwangu. Niliitambua kwa risasi yangu ya kuchomelea, donge kama harage. Niliiwasha. Haikupita muda, mabamba yakaanza kuwa mekundu.

“Umechomeka gitaa?” aliuliza Msimamizi.

“Hapana.”

“Hakuna anayepiga. Sasa nini kinaichosha?”

Nilichomoa valvu, nikapima tundu lake. Palipotakiwa volti hasi palikuwa na volti chanya. Kapasita yangu ilikuwa inavuja ikipata joto. Kwenye baridi ya Tukuyu ilijibana. Kwenye ukumbi uliojaa wachezaji ililegea. Kilichookoa valvu wakati ule ni kuizima, si mkono mwepesi.

Kutoka Kyela hadi Tukuyu si mbali. Ningeweza kupanda gari kesho yake nikamwambie Ambakisye. Nilibadilisha kapasita, nikaandika “imepona”, nikanyamaza hadi nilipostaafu. Nimetengeneza vingi maishani, na watu bado wananisalimia kwa jina la Fundi. Kila wanapoliita, naukumbuka mkono ule.

Mwaka huu nilimwomba mwenye baa amplifaya ile, ilikuwa stoo imelala, nikaipeleka Lufingo. Tulisalimiana, na kabla sijaketi nikamwambia yote.

Ambakisye alifuta vumbi juu ya amplifaya kwa kiganja. “Kwa hiyo haukuwa mkono?”

“Haukuwa mkono. Ilikuwa kapasita yangu.”

“Na uliambiwa saa nzima.”

“Niliambiwa.”

“Basi tukae hiyo saa.”

Tulikaa, wazee wawili, mgongo wa amplifaya ukiwa wazi. Ukungu ulishuka kutoka mlimani ukaingia hadi sebuleni, na zile valvu nne zikawa kama taa za nyumba za watu ng’ambo ya bonde. Mabamba yalibaki ya kijivu. Saa ilipotimia alitungua gitaa lake la umeme ukutani, akachomeka, akapiga. Ilinibidi nisogee karibu ili nisikie.

“Piga kwa nguvu, Ambakisye. Sasa inahimili.”

Aliinua mkono juu, kama zamani. Ukashuka taratibu, ukagusa nyuzi kama unaogopa kumwamsha mtu.

“Umeshazoea,” alisema. Akaujaribu tena.