Mmarekani mwenye kampuni alikuja Koboko, mimi nikaficha wamama wa ungo

Wakuu, salaam kutoka Koboko, Uganda. Naandika nikiwa stoo kwangu, nimekalia gunia langu mwenyewe. Hii sikusimuliwa, ilinipata.

Mimi shule iliniacha P4, darasa la nne tu. Leo stoo ya simsim kubwa kati ya Ludara na Lobule iko yangu. (Nyie wa Dar mnaita ufuta.) Ukifika Arua uliza tu, watakuonyesha njia.

Sasa tukasikia Mmarekani mwenye kampuni ya mafuta ya kula anakuja kuchagua mtu wa kumletea simsim. Mtu mmoja, West Nile nzima, mkoa wetu wote huu.

Mimi maisha ya matajiri wa Marekani nayapenda sana. Nikipumzika naangalia video zao kwenye simu. Huyu alianzia gereji, yule aliacha chuo. Nikasema hawa ndugu zangu kabisa, mimi chuo niliacha hata kabla ya kufika!

Lakini kwenye video naona ofisi za vioo na mashine. Mama na ungo sijaona.

Basi asubuhi nikawaambia wamama kumi na wawili wanaopepeta simsim yangu wakae nyuma ya ua, kimya. Nikavaa suti.

Mama Zaituni, mkubwa wao, akanitazama juu mpaka chini.

"Hajji, leo unaficha sisi kama magendo?"

"Mama, ni siku moja tu."

"Haya. Suti itapepeta."

Mgeni akashuka. Mzee, shati limekunjamana! Ofisini hakuingia. Akatia mkono kwenye gunia, akauliza kupitia binti mkalimani: "Nani anasafisha hii?"

Nikajibu mashine.

"Naomba niione."

Wakuu, mashine sina. Mzee alishaona nyungo kumi na mbili ukutani. Nikaona tender inatoka mlangoni.

Hakukasirika. Alikalia jerikeni, akasema kampuni yake ya kwanza ilianzia bandani, yeye na wanawake watatu wakifunga unga. Ilipokua, bodi ikasema wale wanawake wanaaibisha mbele ya wageni. Akakubali waondolewe. Baadaye bodi hiyo hiyo ikamtoa yeye, na jina lake bado liko mlangoni.

"Siku ile mtu mmoja tu alinipigia simu," akasema. "Mmoja wa wale wanawake."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimhurumia, na nikajiona.

Kitu sijawahi kusema hapa: marehemu mama alinilea kwa ungo, akipepeta nafaka za watu kule Ayivu. Mimi pembeni yake, napepeta naye. Nilificha, maana ungo ni kazi ya wanawake, wanaume wangenicheka.

Nikavua koti, nikachukua ungo, nikapepeta.

Nyuma ya ua kicheko kikapasuka. Mama Zaituni akatokea bila kuitwa, wenzake nyuma.

"Unapepeta ama unafukuza kuku? Toka hapo, Hajji, unaharibu jina yetu!"

Mzee akaomba afundishwe. Akamwaga nusu. Walimcheka mpaka naye akacheka.

Tender nilipata, mimi si mtu wa kukosa. Ila kwenye mkataba, shahidi wa upande wangu mzee alimtaka Mama Zaituni. Dole gumba lake liko kwenye karatasi, juu ya sahihi yangu.

Funzo: ukiwaficha waliokubeba, siku ukianguka utapigiwa simu na nani?

Suti iko, nauza. Ina pumba kidogo mfukoni.

Nyie mliofanikiwa, mgeni alipokuja mlimficha nani? Semeni ukweli, mimi nimeshasema wangu.